Nimekwama ngazi ya B2: nijiandae vipi kwa mtihani wa C1 Advanced?

Mpanda Ngazi:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa waliopita njia hii au wanaofundisha.

Najiandaa kufanya mtihani wa Kiingereza wa Cambridge wa C1 Advanced, ule ambao wengi bado wanauita CAE. Cheti cha B2, ngazi iliyo chini ya C1, ninacho tayari. Kiingereza nakitumia kila siku kazini: nasoma ripoti, naandika barua pepe, mikutano naendesha bila shida. Lakini nikifanya mitihani ya majaribio alama zinagota pale pale, 170 na kitu, na kufaulu kunaanzia 180. Kinachoniangusha zaidi ni Use of English, yaani sehemu ya matumizi ya lugha. Ufahamu niko vizuri, kusikiliza si haba. Kuandika sijui nisemeje, kwa sababu sina wa kunisahihishia.

Sarufi nimeipitia upya yote, kuanzia nyakati za vitenzi hadi sentensi za masharti. Nina orodha ndefu ya maneno magumu niliyoyakariri. Mtihani wa majaribio naufanya karibu kila wikiendi. Hola. Nimebakiza miezi michache. Niongeze majaribio? Nikariri maneno zaidi? Au kuna kitu kipo mbele yangu na sikioni?

Mwalimu wa Jioni:

Karibu sana ndugu Mpanda Ngazi. Nafundisha watahiniwa wa mtihani huu, madarasa ya jioni, watu wazima wenye kazi zao kama wewe. Hali uliyoieleza naijua vizuri, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Usiongeze majaribio. Na ile orodha ya maneno magumu iweke kando kwa sasa. Maneno unayajua, ila hujayajua majirani zake.

Chukua Kiswahili chetu. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi anaweza kusema "nimefanya chafya", akaeleweka, na hakuna kanuni ya sarufi aliyoivunja. Ila wewe utasikia papo hapo kwamba pana kitu hakijakaa. Sehemu ya kwanza ya Use of English inapima sikio la namna hiyo hiyo kwa Kiingereza. Unapewa nafasi iliyo wazi na maneno manne yenye maana zinazokaribiana, na mara nyingi yote manne unayajua. Mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind". Ukivibadilisha, sarufi inabaki salama na alama inakwenda. Uamuzi unakwenda na "make", hitimisho na "draw" au "reach", hoja na "raise", sheria na "pass". Ukimuuliza Mwingereza kwa nini, atakuambia ndivyo inavyosemwa, na yuko sawa.

Ndiyo maana marudio yako ya sarufi hayajakusogeza. Sarufi uliyonayo inatosha kwa sehemu kubwa. Badili daftari lako. Usiandike neno likiwa peke yake na tafsiri yake pembeni. Andika kipande kizima ulichokikuta katika sentensi ya mtu aliyeandika kwa kusudi lake, si kwa ajili ya mtihani: gazeti, ripoti ya kazini, makala ya sayansi. Neno "conclusion" ukilipa ukurasa wake utashangaa: draw a conclusion, reach a conclusion, jump to conclusions, a foregone conclusion. Kamusi za wanafunzi zilizoko mtandaoni, kama za Cambridge, Oxford na Longman, zina mifano chini ya kila neno. Wengi husoma maana wakafunga. Soma mifano, humo ndimo majirani walimo.

Sasa tuangalie karatasi yenyewe. Reading and Use of English ni dakika 90, maswali 56, sehemu 8. Nne za kwanza ndizo za matumizi ya lugha, nne za mwisho ni ufahamu. Ya kwanza nimeshaisema.

Ya pili ina mapengo 8, kila moja neno moja tu, bila machaguo. Yanayotafutwa ni maneno madogo: vihusishi, viunganishi, vitenzi visaidizi, "a" na "the". Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mzigo wetu hapa. Lugha yetu haina "a" wala "the", na kile kiambishi chetu cha mahali, "-ni", kinabeba peke yake kazi ambazo Kiingereza kimewagawia "in", "on" na "at": chumbani, mezani, mlangoni. Matokeo yake jicho letu linaposoma Kiingereza huyaruka maneno hayo, maana ujumbe tunaupata bila hayo. Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili: chukua aya moja ya gazeti, inakili, futa kila neno dogo, iache hadi kesho yake, kisha ijaze. Linganisha na aya halisi. Linachosha, na linafanya kazi kuliko kitabu chochote cha mazoezi ninachokijua.

Ya tatu wanakupa mzizi, wewe unaunda neno. Watu hukimbilia neno la kwanza linaloingia. Tuseme sentensi ni "The meeting ended ____ early" na mzizi ni EXPECT. Ukiona tu kwamba panahitajika kielezi utaandika "expectedly" ukaridhika. Lakini soma sentensi nzima: mkutano umeisha mapema kuliko watu walivyodhani, kwa hiyo maana inataka ukanusho, "unexpectedly". Kila unapounda neno jiulize mawili: ni aina gani ya neno, na je, maana inakanusha? Na tahajia lazima iwe sahihi, hakuna nusu alama.

Ya nne ndiyo ninayoipenda kuifundisha, kwa sababu hapo sarufi na msamiati vinakutana. Maswali ni 6 tu, lakini kila moja lina hadi alama 2. Unapewa sentensi, neno la lazima ambalo hulibadilishi hata herufi, na sentensi ya pili yenye pengo. Unajaza kwa maneno matatu hadi sita, neno ulilopewa likiwemo. Mfano nilioutunga mwenyewe:

You must not open this box for any reason.
CIRCUMSTANCES
Under ____ open this box.

Jibu: "no circumstances must you". Angalia kilichotokea. Kwanza umetakiwa kujua kwamba "circumstances" hutembea na "under" mbele na "no" katikati. Huyo ni jirani. Pili, Kiingereza kikianza sentensi kwa ukanusho wa namna hiyo, kitenzi kisaidizi kinamtangulia mtenda: "must you", wala si "you must". Hiyo ni sarufi. Swali la aina hii husahihishwa kwa vipande viwili, kwa hiyo aliyepata kimoja bado ana alama moja. Usiache pengo hata kama unajua nusu. Na popote katika karatasi hii jibu baya halikupunguzii chochote, kwa hiyo kuacha wazi ni hasara tupu. Kumbuka pia kwamba vifupisho kama "didn't" vinahesabiwa maneno mawili.

Kwa muda, sehemu nne hizi zisikule zaidi ya nusu saa. Zina alama 36 kati ya 78 za karatasi hii. Zile 42 zilizobaki ziko kwenye ufahamu, na ufahamu wa ngazi hii unataka utulivu.

Kuhusu majaribio ya kila wikiendi: mtihani mmoja uchukue wiki mbili. Ukae nao kwa muda kamili siku ya kwanza, kisha siku zinazofuata uupasue. Kila ulipokosa, andika kwa maneno yako kwa nini jibu sahihi ni sahihi, na kwa nini lile ulilochagua halifai. Ukishindwa kuandika sababu ya pili, hapo hujamaliza. Watu wanapenda kuhesabu majaribio waliyofanya, na alama zinabaki pale pale kwa sababu kila jaribio linawaonyesha ugonjwa ule ule bila dawa.

Halafu kuna jambo ulilolitaja kwa kupita ambalo mimi linanitia wasiwasi zaidi ya Use of English: hakuna anayekusahihishia maandishi. Tupige hesabu. Matokeo ya mtihani huu ni wastani wa alama tano: kusoma, Use of English, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Tuseme nne una 178 na Use of English una 160. Wastani ni 174, kama unavyosema. Ukihangaika miezi yote ukaipandisha Use of English hadi 180 na mengine yakabaki yalivyo, unafika 178. Bado hujapita! Ndugu yangu, alama chache kwenye kuandika na kuzungumza ni rahisi kuzipata kuliko 20 za Use of English, na wewe huko hujagusa kabisa.

Karatasi ya kuandika ni dakika 90, kazi mbili, kila moja maneno 220 hadi 260. Ya kwanza ni insha na ni lazima. Wanakupa mada, hoja tatu, na maoni mafupi ya watu. Unachagua hoja mbili tu, unazijadili, kisha unasema ipi ina uzito zaidi na kwa nini. Anayezigusa zote tatu anajinyima nafasi ya kuchimba. Anayenakili yale maoni neno kwa neno anamnyima msahihishaji kitu cha kupima. Kazi ya pili unachagua moja kati ya tatu, zinazotoka kwenye barua au barua pepe, pendekezo, ripoti na uhakiki. Pendekezo linatazama mbele, linamshawishi mtu achukue hatua. Ripoti inaeleza kilichopo au kilichotokea, kisha inashauri. Vichanganye hivyo viwili na utapoteza hata kama Kiingereza chako kinang'aa, kwa sababu wanasahihisha kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, kila kimoja 0 hadi 5: maudhui, kumfikia msomaji aliyekusudiwa, mpangilio, na lugha. Lugha ni robo tu. Nalisisitiza hili darasani kila muhula kwa sababu naona watu wenye Kiingereza kizuri mno wakiandikia hewani, bila msomaji kichwani.

Tafuta mtu wa kukusahihishia. Ukimkosa, weka aya hapa, tutaitazama.

Dada wa Tafsiri:

Mwalimu umemaliza kila kitu upande wa maandishi. Mimi niongezee kusikiliza na kuzungumza, maana nimeufanya mtihani huu na nimeupita, na hizo ndizo zilizonibeba.

Kusikiliza ni kama dakika 40, maswali 30, na kila rekodi unaisikia mara mbili. Sehemu ya pili unajaza maneno kutoka kwa mtu anayezungumza peke yake, na tahajia inahesabiwa. Kabla rekodi haijaanza, soma mapengo na ubashiri: hapa patakuja namba, hapa jina la kitu, hapa sifa. Sikio linafanya kazi vizuri zaidi likijua linachokisubiri.

Sehemu ya nne ndiyo inayowachanganya watu. Wazungumzaji watano mfululizo, na kazi mbili kwa wakati mmoja: labda kwa nini kila mmoja aliacha kazi, na anajisikiaje sasa. Kila kazi ina machaguo manane. Mimi nilikuwa nafanya hivi: rekodi ya kwanza naikamilisha kazi ya kwanza na kuweka alama za haraka kwenye ya pili, rekodi ya pili nabadilisha. Wengine wanazifanya zote mbili pamoja. Jaribu zote nyumbani uone ipi inakukaa, usiende kuamua kwenye chumba cha mtihani. Na jihadhari na neno linalosikika wazi wazi na pia limeandikwa kwenye machaguo. Mara nyingi limewekwa pale kukuvuta. Mzungumzaji atataja mshahara, halafu aseme kwamba mshahara haukuwa tatizo hata kidogo.

Ukifanya kwa karatasi unapewa dakika 5 mwishoni za kuhamishia majibu. Kwa kompyuta hakuna haja ya hizo.

Kuzungumza mnaingia wawili, na watahini ni wawili: mmoja anawauliza, mwingine anakaa pembeni anasikiliza na kuandika. Ni dakika 15. Mwanzo ni maswali mepesi kuhusu wewe. Kisha unapewa picha tatu, unachagua mbili na kuzizungumzia dakika moja peke yako, na mwenzako anaongezea kwa nusu dakika. Hapa wengi wanaorodhesha vilivyomo pichani: mwanamume, meza, dirisha. Hujaombwa hivyo. Umeombwa ulinganishe na ukisie, wanaweza kuwa wanajisikiaje, kwa nini wamefanya hivyo. Jizoeze na simu, jirekodi dakika moja kamili, kisha ujisikilize. Dakika moja ni ndefu sana mtu akiwa hana la kukisia.

Baada ya hapo mnajadiliana nyinyi wawili juu ya mada yenye vipengele kadhaa, kisha mnaombwa mfikie uamuzi. Wakuu, msikilize mwenzako! Alama zinatolewa kwa jinsi unavyoshirikiana. Ukimeza muda wote umejiharibia, ukinyamaza umejiharibia. Mimi mwenzangu alikuwa mkimya, nikawa namuuliza "What about you, would you go along with that?" na nikisikia amesema kitu nakiendeleza. Tulifika mwisho hatukukubaliana, na hilo halina shida kabisa. Wanataka kuona mjadala, makubaliano si sharti.

Na lafudhi yako iache ilivyo. Kinachopimwa ni kueleweka, mkazo wa maneno na mawimbi ya sauti. Hakuna anayekudai usikike kama mtangazaji wa London.

Mgeni wa Njia:

Samahani kwa kudandia. Mimi nataka kuomba masomo na bado sijachagua. Nifanye huu au IELTS, ule mtihani mwingine wa Kiingereza? Na kama mtu anajiweza, kwa nini asiende moja kwa moja kwenye C2, ngazi ya juu kabisa?

Mwalimu wa Jioni:

Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwa unakopeleka cheti. Soma kwanza masharti ya chuo au ofisi inayokihitaji, kwa sababu kuna wanaopokea mmoja na kuukataa mwingine. Usilipe ada yoyote kabla ya hapo.

Ukishajua kwamba wanapokea yote miwili, tofauti ni hizi. IELTS haina kufaulu wala kufeli, inakupa alama kati ya 0 na 9, na kwa kawaida matokeo yake hutambuliwa kwa miaka 2. Rekodi za kusikiliza unazisikia mara moja tu. Mazungumzo unafanya peke yako na mtahini, dakika 11 hadi 14. Cheti cha Cambridge hakina tarehe ya kuisha, ingawa chuo kinaweza kuwa na sharti lake kuhusu cheti cha zamani. Mwenye haraka ya kuomba masomo mwaka huu mara nyingi namshauri IELTS. Anayetaka Kiingereza chenyewe kikue, na cheti kimfae kwa miaka mingi, namshauri C1 Advanced, kwa sababu maandalizi yake yanakulazimisha kuijua lugha kwa undani. Hayo ni maoni yangu na nitayatetea.

Kuhusu C2 Proficiency: huo ndio mkongwe wa Cambridge, ulianza 1913. Mwaka huo wa kwanza watahiniwa walikuwa 3 tu, karatasi zake zilichukua kama saa 12, na hakuna aliyefaulu. C1 Advanced ulikuja baadaye sana, 1991. Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: kipimo cha alama cha C1 Advanced kinafika hadi 210. Ukipata 180 hadi 192 ni daraja C, 193 hadi 199 ni daraja B, na ukifika 200 au zaidi ni daraja A, na cheti chako kitaandikwa kwamba umeonyesha uwezo wa ngazi ya C2. Upande wa chini pia, aliyepata kati ya 160 na 179 hatoki mikono mitupu, anapewa cheti cha ngazi ya B2. Kwa mtu asiye na uhakika, mtihani huu una nafasi pana juu na chini. Nenda C2 ikiwa tu kuna anayekudai, au ikiwa majaribio ya C1 unayapita kwa 200 bila jasho.

Mpanda Ngazi:

Mwalimu, dada, asanteni sana. Ile hesabu ya wastani imenifungua macho, nilikuwa nimekodolea Use of English peke yake.

Nimeanza daftari la majirani. Na nimechukua ule mwaliko wa kuweka aya. Mada niliyojipa ni namna ya kuwahimiza vijana kusoma vitabu, hoja tatu: maktaba, shule, mitandao ya kijamii. Hii ni aya yangu ya kwanza baada ya utangulizi:

"Libraries make a big role in the young people's life. They give to students the possibility to do researches. However, many of them are not opened at the evening."

Msinionee huruma.

Mwalimu wa Jioni:

Vizuri sana kuileta. Ina wazo, na wazo la mwisho lina nguvu kuliko unavyolitumia.

Tuanze na majirani. "Role" inaambatana na "play", kwa hiyo "play a big role", na kwa insha rasmi "vital" au "major" inakaa vizuri kuliko "big". "Possibility" ni uwezekano wa jambo kutokea. Nafasi anayopewa mtu ni "opportunity". "Research" kwa maana hii haina wingi, na jirani yake mzuri ni "carry out". Kisha sarufi: "give" ikifuatwa na mpokeaji moja kwa moja haihitaji "to", unasema "give students". Vijana kwa ujumla hawahitaji "the". Maisha ya watu wengi ni "lives". Mlango uliofunguliwa na mtu ni "opened", lakini hali ya kuwa wazi ni "open". Na jioni ni "in the evening". Ona jinsi "-ni" yetu ilivyokupeleka kwenye "at".

Sasa kilicho kikubwa zaidi ya hayo. Sentensi zako tatu zinasimama kila moja kivyake. Ya kwanza inadai, ya pili inadai kingine, ya tatu inalalamika. Msahihishaji anatafuta uhusiano kati yake. Ningeiandika hivi:

"Libraries play a vital role in young people's lives, not least because they give students from all backgrounds the opportunity to carry out research. Yet many close early in the evening, precisely when most young readers would be free to use them."

Mawazo ni yale yale uliyoleta wewe. Nimeongeza viungo tu: "not least because" inaifanya sentensi ya pili kuwa sababu ya ya kwanza, na "precisely when" inageuza lalamiko lako kuwa hoja. Sasa una mahali pa kwenda: ukitaka maktaba ziwahimize vijana, pendekeza muda wake urefushwe. Sentensi yako inayofuata iseme hivyo, na iseme faida yake, hapo aya itakuwa imekamilika.

Usiyakariri hayo ya kwangu uyabebe hadi kwenye mtihani. Sentensi iliyokaririwa na kupachikwa kwenye mada isiyoihusu inaonekana haraka sana. Yanakili kwenye daftari upande wa majirani: "play a vital role in", "the opportunity to", "carry out research".

Kisha andika aya ya pili, safari hii kuhusu shule. Jipe dakika 12 tu, bila kamusi, maana mtihani mzima hauruhusu kamusi. Ndani yake nataka nione kama shule inaweza kufanya jambo ambalo maktaba haiwezi, kwa sababu mwishoni mwa insha utalazimika kuchagua moja kati ya hizo mbili, na sababu za kuchagua zinatakiwa ziwe zimeshaonekana kwenye aya hizi. Iweke hapa ukimaliza. Dada wa Tafsiri, ukiwa na nafasi itazame pia, mimi naingia darasani sasa hivi.

Dada wa Tafsiri:

Nipo mwalimu, nitaipitia. Mpanda Ngazi, ukimaliza aya hiyo jirekodi ukiielezea kwa mdomo kwa dakika moja bila kuisoma. Mada za insha na za mazungumzo zinafanana sana, utakuwa umefanya mazoezi ya karatasi mbili kwa mpigo.